Chenza la Jim na kahawa ya butura

Kitabu cha Thich Nhat Hanh, The Miracle of Mindfulness, hakianzi na mtawa aliyekunja miguu chini ya mti. Kinaanza na baba aliyekuja kumtembelea mwandishi pamoja na mwanawe wa miaka saba. Baba huyo, Allen, anasema zamani aliugawa muda wake mafungu mafungu: fungu la mtoto, fungu la mke, fungu la kazi za nyumbani, na makombo yaliyobaki yakawa yake. Siku hizi ameacha kugawa. Akimsaidia mtoto kazi za shule, anauhesabu muda huo kuwa wake pia, na kwa hesabu hiyo amejikuta ana muda usiokwisha.

Ni mwanzo mzuri, na ndio ulionifanya niendelee kusoma, ingawa Allen aliniachia kinyongo kidogo. Kwetu Kyerwa, mama anayeamka kabla ya jogoo kuchota maji, akamenya ndizi, akaenda shamba na mtoto mgongoni, hajawahi kuwa na fungu lake ambalo angeweza kuamua kuacha kulitenga. Allen amevuka ng'ambo kwa sababu alikuwa na ukingo wa kuanzia. Lakini sikukiweka kitabu chini. Nilikuwa nimepewa kazi ya darasa, kutafsiri kurasa chache kwa Kiswahili, na mtafsiri hana ruhusa ya kususa.

Shida ya kwanza ilikuwa jina lenyewe. Neno la asili, kwa Kipali, ni sati, na maana yake ya msingi ni kukumbuka, kutopotewa na jambo. Mwingereza T. W. Rhys Davids, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali huko Ceylon, alipotafsiri maandiko ya Kibuddha mwaka 1881 alilichagulia neno la Kiingereza ambalo leo limeandikwa kwenye mito ya kochi na vikombe vya chai. Kwa Kiswahili wengi husema umakini, lakini umakini ni wa fundi saa na wa dereva wa basi. Unaweza kuwa makini sana huku umesahau kwa nini unafanya unachofanya. Taamuli na tafakuri zinakaa zaidi kwenye kuwaza. Mimi nimeegemea kuzingatia. Ndani yake kuna zinga, kuzunguka: jambo unalizunguka hadi linakaa moyoni. Na kila aliyesoma shule Tanzania analijua lilivyo amri, pale kwenye karatasi ya mtihani linapoandikwa kwa herufi kubwa, ZINGATIA, yaani usije ukasahau hili ukafeli. Hapo sati na Kiswahili vimekutana bila kulazimishwa. Waislamu wasomaji watakuwa wamekwisha kufikiria dhikri, na hawako mbali.

Naleta habari hii ya neno mapema kwa sababu ugomvi wangu wote na namna kitabu hiki kinavyosomwa unatoka hapo. Kama kuzingatia ni kukumbuka, basi kuna kitu cha kukumbukwa. Ukikiondoa, unabaki na mtu anayevuta pumzi vizuri.

Mwaka niliojitolea kufundisha kabla ya kurudi chuoni, walimu tuliitwa kwenye semina ya msongo wa mawazo mjini Kayanga. Mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye sauti tulivu. Akatufumbisha macho. Tukavuta pumzi, tukahesabu, tukasikiliza mvua kwenye bati. Sitadanganya: ilikuwa raha. Mabega yangu yalishuka. Kisha akatuambia kwamba jana imepita, kesho haijafika, tulicho nacho ni sasa tu. Mwalimu mmoja mtu mzima akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa kuhusu malimbikizo yake ya mshahara, maana ndiyo yaliyomnyima usingizi.

“Mwalimu wangu, hilo ni la kesho,” mwezeshaji akasema. “Sasa hivi tuko hapa.”

Watu wakacheka, na yule mwalimu akacheka pia, akakaa. Soda zikaletwa.

Yule kijana hakutunga maneno yale. Yametoka mbali, na njia yaliyopita inajulikana. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha programu yake katika hospitali ya chuo cha tiba cha Massachusetts, kwa wagonjwa wa maumivu sugu ambao madaktari walikuwa wamekwisha kuwafanyia walichoweza. Kazi hiyo ya mwanzo naiheshimu. Mtu ambaye mgongo wake hautapona anahitaji namna ya kuishi nao. Somo lake la kwanza ni maarufu: unapewa zabibu kavu moja, unaitazama, unainusa, unaitafuna polepole kana kwamba hujawahi kuiona. Mwaka 2007 mazoezi ya aina hiyo yakaingia Google kama mafunzo ya wafanyakazi. Mwaka 2010 ikazaliwa Headspace, na sasa ukiwa na simu janja na kifurushi unaweza kuambiwa uvute pumzi hata ukiwa umekaa nyuma ya bodaboda kutoka Omurushaka. Ronald Purser alikwisha kulilalamikia hili kwa ukali katika kitabu chake cha 2019, McMindfulness: kwamba biashara hii imeufanya msongo wa mawazo kuwa kosa la kichwa cha mfanyakazi, na mwajiri akatoka mikono mitupu. Nakubaliana naye. Ila Purser anaandika akiwatazama watu wa ofisini, na mimi nimetoka mahali ambapo kesho huuzwa kwa kilo.

Jina la biashara hiyo ni butura. Mkulima mwenye shida ya haraka, ada, mgonjwa, msiba, huuza kahawa ikiwa bado mtini, mara nyingine ikiwa maua, kwa bei anayoitaja mwenye fedha. Msimu ukifika mavuno si yake. Yeye atachuma, ataanika, atageuza mkekani, kisha atapima na kukabidhi. Mwenye deni akibanwa huchuma hata mbichi, na ndiyo maana ubora unaanguka. Akiona pa kupenya, huivusha Uganda usiku. Serikali imeipiga marufuku butura, viongozi wameikemea kwenye mikutano, vyama vya msingi na chama kikuu KDCU vimepewa jukumu la kukusanya na kuuza, na bado ipo. Mgonjwa hangoji mnada.

Sasa rudi kwenye kitabu. Kurasa chache baada ya Allen tunakutana na Jim. Yeye na mtawa wamekaa chini ya mti huko Marekani, wanagawana chenza. Jim anazungumzia mipango yao ya baadaye, anatupia kipande mdomoni kabla hajameza cha kwanza. Mtawa anamwambia ale kwanza kile kipande alichokwisha kukitia mdomoni. Jim anashtuka, anatambua kwamba alikuwa hali chenza, alikuwa anakula mipango yake. Wahubiri wa mazoezi haya wanaipenda sana hadithi hii, na ni rahisi kuona kwa nini. Ni fupi, ina tunda, haina siasa.

Ila siasa imo. Jim ni Jim Forest, na mipango aliyokuwa akiipanga miaka ile haikuwa ya likizo. Mwezi Septemba 1968 yeye na wenzake kumi na watatu waliingia kwenye ofisi za kuandikisha vijana jeshini mjini Milwaukee, wakabeba maelfu ya majalada, wakayachoma moto hadharani, wakakaa wakisubiri polisi. Alifungwa zaidi ya mwaka mmoja. Kitabu chenyewe kinasema Jim alifungwa kwa kupinga vita, na kwamba mtawa alimpelekea barua fupi gerezani kumkumbusha lile chenza. Hiyo ndiyo nusu ya hadithi inayoachwa. Chenza halikufundishwa ili Jim aache kufikiria kesho. Alifundishwa kula ili kesho ikifika, nayo ikiwa na kuta nne, awe mzima. (Watu hawa wawili walifariki mwezi mmoja, Januari 2022, wakipishana siku tisa.)

Kwa hiyo nikiulizwa chenza la Jim lina maana gani Karagwe, jibu langu ni kwamba linategemea nani kashika chenza. Mtu wa butura hana ugonjwa wa Jim. Hajazama kwenye mipango hata akasahau kinachopita mdomoni. Leo yake ndiyo imemmeza, na imeanza kuimeza kesho. Kumwambia huyo kwamba kesho haijafika ni kumsomea mkataba wake kwa sauti tulivu. Anachokosa ni hicho hicho ambacho Jim alikuwa nacho tele: baadaye ya kupangia.

Hapa ningeweza kukiacha kitabu na kusema si chetu, ni cha wenye kochi. Lakini kinachokiokoa ni kitu ambacho programu za simu haziwezi kukibeba, nacho ni anwani yake. Hakikuandikwa kama kitabu. Kilikuwa barua ndefu, ya mwaka 1974, kutoka Ufaransa ambako mwandishi alikuwa uhamishoni, kwenda kwa mtu aitwaye Quang, mmoja wa viongozi wa Shule ya Vijana ya Huduma za Jamii huko Vietnam Kusini. Shule hiyo, ambayo Thich Nhat Hanh alishiriki kuianzisha katika miaka ya 1960, ilipeleka vijana vijijini wakati wa vita kujenga upya nyumba zilizopigwa mabomu, kufungua madarasa na zahanati, kuwasaidia wakulima kuunda ushirika. Hawakuchagua upande, kwa hiyo pande zote mbili ziliwashuku. Wengine walitekwa. Wengine waliuawa. Mobi Ho, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi ya kujitolea Vietnam, ndiye aliyeitafsiri barua kwa Kiingereza.

Ukisoma ukijua hivyo, sentensi zote zinageuka. Anayeambiwa avute pumzi ni kijana aliyetoka kuzika wenzake na ambaye kesho asubuhi anarudi kijiji kile kile. Hakuna anayemtuliza ili asahau malimbikizo yake. Ushirika upo tayari, kazi ipo tayari, hasira pia ipo, na hofu ya barua ni kwamba mtu huyo ataungua kabla kazi haijaisha. Mazoezi ni chakula cha njiani. Kumpa mtu chakula cha njiani huku umemwondolea safari ni jambo la ajabu, na ndilo lililofanyika.

Karagwe wasomaji wa anwani hiyo wapo. Nawafikiria wahudumu wa afya wa vijiji vya Kyerwa wanaopanda vilima kwa miguu. Nawafikiria waliokuwepo mwaka 1994, Wanyarwanda walipovuka na makambi kama Kagenyi yakajaa. Nawafikiria makatibu wa vyama vya msingi walio waaminifu, maana wapo, wanaorudi nyumbani usiku wametukanwa na mkulima kwa kuchelewa kwa malipo na kuonywa na mnunuzi kwa kuharibu biashara. Kwa watu hawa barua ya kwenda kwa Quang haihitaji kurekebishwa sana. Inahitaji kutafsiriwa tu.

Nasema sana, kwa sababu kuna ukurasa wa vyombo. Thich Nhat Hanh anashauri kwamba unapoosha vyombo, uoshe vyombo, usikimbilie chai inayokungoja. Hapo ndipo wengi wanapomnukuu. Wachache hukumbuka kwamba anaendelea kueleza enzi zake akiwa mtawa mwanafunzi, vyombo vya watawa zaidi ya mia moja, hakuna sabuni, kuna majivu, pumba za mpunga na makumbi ya nazi, na maji ya kuchemshwa kwenye sufuria kubwa. Anakiri kuwa siku hizi kuna sabuni na maji ya moto ya bomba, na kazi imekuwa nyepesi kuifurahia. Msomaji wa Boston anapita hapo kama anayepita picha ya zamani. Mimi nilisimama, kwa sababu majivu nayajua. Na nikauliza swali ambalo barua haiulizi: jikoni kwa watawa zamu ilizunguka, je, jikoni kwetu? Dada zangu wameosha masufuria yale miaka yote mimi nikiwa nasoma sebuleni. Ushauri wa kuosha kwa ajili ya kuosha unapaswa kwanza kumfikia ambaye hajawahi kuosha. Akiupokea msichana wa Nkwenda ambaye ataosha tu, atake asitake, ni ushauri mwingine, na si mzuri.

Kuna upande wa pili unaonikera zaidi, nao ni wa kwetu. Kila nikieleza ninachosoma, hatokosi msomi wa kuniambia kwamba Waafrika tulikuwa na haya yote tangu zamani: kuchuma kahawa ni tahajudi, kumenya ndizi ni tahajudi, mgeni kuandaliwa kahawa ya kutafuna ndiyo chai ya Wabuddha. Kahawa ya kutafuna naipenda, na ni kweli kwamba punje mbili mkononi mwa mgeni hupunguza mwendo wa mazungumzo. Lakini kumfanya mtu maskini kuwa mtawa bila kumuuliza ni njia nyingine ya kutomsikiliza. Mimi nilimuuliza bibi yangu, jioni moja, akiwa na kisu na mkungu.

“Bibi, ukimenya ndizi hivi unawaza nini?”

“Niwaze nini tena, mjukuu wangu? Nawaza ile kahawa ya kule juu. Baba yako mdogo keshaila.”

“Kaila vipi na haijaiva?”

“Kaila ikiwa maua.”

Mikono yake haikusita. Ndizi zilitoka zimenyooka, hakuna ganda lililobaki. Anayetaka kuona utulivu hapo atauona, na atakuwa ameona mikono tu.

Ningependa kuona barua hii ikisomwa na watu wa kwetu wanaoifanya kazi hiyo kwa imani, maana si kweli kwamba Ubuddha uko mbali na sisi. Dar es Salaam, Wasinhala waliokuja kufanya kazi walianzisha chama chao mwaka 1915, na hekalu lao lipo Upanga hadi leo, na mti wa Bodhi uani. Entebbe, ambako kutoka Kayanga ni karibu kuliko Dar, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana na watawa, akaja kuvaa joho mwaka 2002. Kitabu chake, Planting Dhamma Seeds, hakina uzuri wa lugha wa Thich Nhat Hanh. Kinakwenda kama ripoti ya msafiri. Ila jina lake ni la mkulima, kupanda mbegu, na wa Karagwe akilisikia atauliza la kwake: inazaa baada ya muda gani, na nani atakula kabla haijazaa? Robusta inakutaka uvumilie kama miaka mitatu.

Mwishoni mwa barua kuna mazoezi zaidi ya thelathini. Programu za simu zimechukua yale ya mwanzo: kutabasamu kidogo ukiamka, kufuata pumzi, kuoga polepole. Hayo mengine yameachwa. Kuna la kumtafakari mtu unayemchukia kuliko wote, hadi uone kinachomtesa. Kuna la kujiona mwenyewe umekuwa mifupa. Na kuna moja linalotaka umfikirie mpendwa aliyefariki, iwe miezi au miaka iliyopita, ujue wazi kwamba nyama imekwisha na mifupa imelala kimya chini ya udongo, kisha ujue wazi kwamba wewe bado una nyama.

Sijui ni meneja gani angeliweka zoezi hilo kwenye mafunzo ya wafanyakazi. Kagera halihitaji kutambulishwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu walizika hadi vikundi vya kuzikana vikaishiwa fedha. Wengi walizikwa kibanjani, kati ya migomba na mibuni, hatua chache kutoka mlangoni. Shangazi zangu wawili wako pale, wote walifariki kabla sijazaliwa. Ukichuma kahawa upande ule unaweka kikapu kwenye saruji ya kaburi, kwa sababu ndipo palipo tambarare, na hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Mibuni ile, kwa taarifa, ndiyo ambayo bibi hajawahi kuruhusu iingie kwenye butura. Baba mdogo amejaribu mara mbili.

Nilipofika kwenye zoezi hilo sikuweza kuandika zingatia. Niliandika kumbuka. Msimamizi wangu amepiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, ameuliza kwa nini nimebadili istilahi, na amenipa hadi Ijumaa.